Migomba ya Mjane Niliyoiua kwa Kusaidia

Nimechoka kuambiwa kwamba shida inamkuza Mkristo. Shida yenyewe haimkuzi mtu, inampiga tu. Mimi ilinipiga misimu mitatu, na katika misimu hiyo nilizidi kuwa mtu wa kisirani, nasali kama mtu anayegombana na karani wa ushirika. Kama nilikua, basi nilikua baadaye, na sikukulia mahali nilipopenda. Wacha nieleze.

Kibanja changu kiko Nyakakika. Sikukirithi. Baba aliniachia darasa la tatu na jembe lenye mpini mbovu. Nilikwenda Murongo, pale mpakani, nikabeba magunia mpaka ngozi ya mabega ikawa kama ya kisigino, nikarudi nikanunua kipande cha pori ambacho watu walikicheka. Nikapanda migomba, kahawa chini ya migomba, maharage pembeni, nikatandaza nyasi. Huku kwetu mtu hakuulizi umesoma wapi. Anapita njiani, anatupa jicho kwenye migomba yako, anajua wewe ni nani. Kwangu walikuwa wakisimama kabisa kuangalia. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu ni kweli.

Kazi niliyoiweza kuliko wote ni kupogolea: kukata majani makavu, kupunguza machipukizi, kuacha mama, mtoto na mjukuu kwenye shina moja. Kwenye jumuiya yetu ya sala kuna desturi kwamba mwenzetu akifiwa, tunamlimia mpaka asimame. Basi yule mjane wa bonde la chini alipofiwa na mumewe, mimi nikapewa migomba yake. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, hana ndugu karibu, ana watoto wanne, na chakula chao chote kinatoka kwenye kile kibanja kidogo. Kila mwezi nilimaliza kwangu asubuhi, nikashuka kwake na panga lile lile mkononi. Sikutaka hata kikombe cha uji. Nilitaka Mungu aone.

Siku moja baada ya ibada, bwana shamba alisimama nje ya kanisa. Ni mwanamke, lakini sisi tunamwita bwana shamba hivyo hivyo. Akasema kuna mnyauko unaingia, na unatembea na panga. Kila ukimaliza shina, pitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa shina lingine.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilianza kukata migomba mama yako hajaolewa."

"Sawa, mzee wangu. Lakini ugonjwa hauulizi umri."

"Na nikiwasha moto kila shina, ndizi nitapika saa ngapi?"

Watu walicheka mpaka mwinjilisti akacheka. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Msimu uliofuata shina la kwanza likageuka njano. Ndizi zikaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani ni kahawia, na mgomba wenyewe ukiukata unatoka usaha. Kisha la pili. Kisha mstari mzima. Mwinjilisti akaja kunitembelea, akakaa, akapumua, akasema, "Mzee, Mungu anaipima imani yako."

"Anapima kila msimu? Mizani yake imeharibika?"

Hakucheka. Nikafunga kula Jumatano na Ijumaa. Nikaomba kwa sauti, nikamkumbusha Mungu magunia ya Murongo, nikamkumbusha mjane ninayemhudumia bure, nikamtajia majirani walevi ambao migomba yao ilikuwa kijani. Halafu nikaenda sokoni kununua ndizi. Mimi! Nilifunga mkungu ndani ya gunia la nyasi nyuma ya baiskeli, nikapita njia ya mtoni nisionekane.

Kwa mjane nako kukaanza. Alilia, nami nikamwambia, "Vumilia, mama, ni jaribu." Neno lile lile nililolichukia nikiambiwa mimi. Naye kila Alhamisi kwenye jumuiya aliniombea mbele ya wote: "Bwana, mkumbuke mzee huyu. Ibariki mikono yake, maana hajaniacha." Nilipenda kulisikia ombi hilo. Nilikuwa nalisubiri.

Kisha asubuhi moja nilikuwa juu ya kibanja chake nimemaliza kupogolea, nimekaa kupumzika. Nikaangalia chini. Mimi nina njia yangu: naingia kwa juu, nashuka na mstari wa kahawa, narudi na mtaro. Sijawahi kubadilisha. Na mashina yaliyokauka yalikuwa yamepangana hivyo hivyo: toka juu, chini na kahawa, yakakata kona kwenye mtaro. Pale kwenye kona ya mwisho, ambapo mwezi mmoja mvua ilinikimbiza na sikurudi tena, migomba ilikuwa kijani kibichi, haina hata doa. Walevi hawapogolei migomba yao. Na mimi nilikuwa natoka kwenye migomba yangu migonjwa, na panga lile lile, nikamletea ugonjwa hadi mlangoni.

Nilikaa pale mpaka jua likanichoma. Nilitamani aliyefanya hivi awe shetani. Nilitamani awe mchawi, hata Mungu mwenyewe. Kwa misimu mitatu nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia Mungu, na siku ile nilipofumba macho yote yalikuwa yamekwisha. Lilibaki moja tu: ni mimi. Nililisema, na sikusikia amani yoyote. Nilisikia hasira. Lakini ilikuwa sala yangu ya kwanza isiyo na uongo ndani yake, hilo nalijua.

Nilimwambia mke wangu. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata kichwa.

"Si ulimuuliza bwana shamba ndizi utapika saa ngapi? Haya. Pika sasa."

"Nimekosa, mama."

"Mimi umeniambia. Na yule mwenye watoto?"

"Nitamwambia."

"Lini? Akimaliza kukuombea?"

Nilichelewa Alhamisi mbili. Mara zote mbili aliniombea, na mara zote mbili nilisema amina. Hiyo ndiyo inanitia aibu kuliko migomba.

Nilipokwenda nilimkuta anamenya ndizi mlangoni, zile ndogo chache zilizowahi kuokolewa kabla ya kuoza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama, weka kisu chini unisikilize."

Nikamwambia yote: panga, njia yangu, kona ya kijani. Akauliza, "Ulijua?"

"Niliambiwa. Nikacheka."

"Nami nilicheka siku ile," akasema. "Nilicheka kwa sababu ni wewe uliyesema."

Lilinipiga kuliko tusi. Nikamwambia nina upande mmoja kwangu bado mzima, upande wa mawe ambao nilikuwa naupuuza. Mkungu ukikomaa nitaleta nusu, mpaka kwake kurudi.

"Lete. Lakini usilete kama mtu anayetoa sadaka. Ni haki ya watoto wangu."

"Ni haki yao."

"Na Alhamisi sitakuombea, mzee. Nikijaribu nitakuwa nasema uongo mbele ya Mungu."

"Usiniombee."

Alhamisi ile nilisimama kwenye jumuiya, nikasema mbele ya wote. Mwinjilisti akainuka, mikono juu, "Haleluya, tumpigie Bwana makofi kwa ushuhuda huu!" Nikamwambia akae chini. Sikuwa nashuhudia, nilikuwa nakiri, na mwenye njaa yuko mle mle ndani anatuangalia. Alikaa. Makofi hayakupigwa. Mimi nadhani imani yangu ilianzia hapo, kwenye kile kimya kibaya, na ningeipenda zaidi kama ingeanza mahali penye wimbo.

Sasa nang'oa migomba yake iliyoharibika. Kila shina linachimbwa lote na mizizi yake, linafukiwa shimoni, na ardhi inapumzika na maharage kabla ya kupanda tena. Kwa umri wangu mashina mawili kwa siku ni mengi. Mgongo unalia, nami nanung'unika, sikufichi. Mungu ananisikia nikinung'unika na bado sijasikia akinijibu.

Juzi nilikuwa shimoni napigana na shina la nne. Mjane akatoka ndani na jembe lake. Hakunisalimia. Akaanza kuchimba upande wa pili, tukaenda hivyo muda mrefu, udongo wake ukiruka hadi miguuni kwangu. Kisha akanyoosha mpini akaonyesha.

"Hapo umeacha mzizi, mzee."

Nikainama, nikachimba.