Fundi Cherehani na Wimbo wa Roki

Fundi cherehani wa mtaani kwetu hushona huku amebana pini midomoni na redio ikiimba pembeni. Ukipigwa ule wimbo wa zamani wa roki, unaosimulia vijana waliopiga muziki mbele ya viti vitupu hadi wakajaza viwanja, mguu wake hupotea njia kwenye pedali, mshono ukaenda upogo. Lakini wimbo ukifika vijana wanapoanza kushangiliwa tu, huizima redio na kufumua alipokosea. Siku moja nilipompelekea suruali nilimuuliza, “Fundi, mbona unazima wanapofanikiwa?”

Akatoa pini moja moja mdomoni. “Hapo sikuwepo tena.”

Dada yake, anayeshona vifungo mlangoni, akacheka. “Usimsikilize. Kaka yangu hajawahi kushika hata filimbi.”

Nilimtazama fundi nikingoja naye acheke. Yeye alilaza suruali yangu mezani, na vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kubonyeza ukingo wa kitambaa, kimoja baada ya kingine, upesi na bila kukosea, kama vya mpiga gitaa. Dada mtu naye akaviona. Kicheko kikamkauka.

“Ulijifunza wapi hayo?” akamuuliza.

“Suruali itakuwa tayari kesho,” fundi akaniambia mimi.