Shikamoo ya Kensington

Ukitaka usiamini, usiamini. Mikono iliyoshika ni hii yangu.

Asubuhi hiyo nilitoka Yeoville, mtaa wa jiji hili la kusini mwa Afrika, na begi mgongoni, sijui naelekea wapi. Mwenye nyumba alikuwa amebadilisha kufuli, na mimi nilitaka pa kulala kabla baridi haijashuka. Nikavuka mtaa wa Observatory, miguu ikanifikisha Kensington.

Unakijua kitongoji kile? Waingereza walikijenga kilimani ili wasahau kwamba wako Afrika. Mitaa ina majina ya malkia na majenerali wao. Nyumba za mawe, mawaridi, varanda pana; na uani kijumba cha mtumishi. Zamani sheria ilimruhusu mtu mweusi kulala humo kwa sababu moja tu: awe mtumishi wa mtu. Leo sheria haipo. Zipo kuta na nyaya za umeme.

Nyumba moja haikuwa na ukuta. Ilikuwa mchana, jua linawaka, usije ukasema niliona vivuli. Varandani amekaa bibi wa Kizungu, mkongwe, viatu vyeusi vya kamba. Mimi mtu wa Tanga. Nikiona mvi, mdomo hutangulia akili.

"Shikamoo, bibi."

Nilikosa nini? Si adabu tu?

"Wewe nasema Swahili," akajibu, kwa Kiswahili kile cha kuamrishia mpishi. "Mimi nakaa Kenya zamani. Nataka nini?"

"Natafuta chumba, bibi."

"Chumba ya boi iko. Wewe nasema shikamoo?"

"Ndiyo."

"Basi shika."

Akanyoosha miguu. Nilidhani utani, nikacheka. Lakini asiye na pa kulala huinama upesi. Nikapiga magoti, nikavishika vile viatu. Baridi ikanipanda hadi viwikoni. Nikavuta mikono, haikutoka. Yeye anatazama mawaridi yake, kama mtu aliyezoea kushikwa.

"Kaka! Weye unafanya nini pale?"

Alikuwa mlinzi wa mtaa, Mkongo wa Bukavu, anaita kutoka barabarani. Mikono ikaachia. Varanda tupu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye ngazi ya jiwe, viganja ndani ya mashimo mawili yaliyolika, laini, saizi ya viganja vya mtu.

"Eish, unapigia wafu deki?" Akacheka, akanishika mkono aniinue, kisha akauachia kama umemuuma. "Yesu! Uko baridi sana! Maboyi walisugua hapa mpaka jiwe ikachoka, kaka. Tuende."

Akaniteremsha bondeni, Bez Valley, kwa mama mmoja wa kwetu anayepangisha. Mama akasimama mlangoni, anasubiri amkio lake. Nikafungua mdomo, viganja vikaganda kwa baridi ileile.

"Habari za mchana, mama."

"Jitu zima, huna adabu," akasema, akanitupia blanketi.

Chumba nikapata. Neno lile sijalipata tena mpaka leo. Nikimpigia simu mama yangu mzazi husubiri amkio lake, mwisho anasema, "Wamekufanya Mzungu huko?"

Nawe unayepita mitaa mizuri ya watu ukitafuta pa kulala: sema habari, upite. Kuna watu ukiwaambia unashika miguu yao, wanakuamini.