Alama Nyekundu Kando ya Stesheni

Siku hizi mteja akikaa kwenye kiti changu anaona ngazi za stesheni mpya ndani ya kioo, na watu wanaoteremka wakitafuta teksi. Wapo wanaoniuliza nilipataje nafasi nzuri hivi, mimi mtu wa kuja. Huwa nacheka tu, maana jibu lake ni refu kuliko kunyoa kichwa kimoja.

Kabla ya soko hili nilikuwa na kontena kuukuu. Wazazi wetu walifariki Uvira nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikawaongoza wadogo zangu wawili, mpaka kwa mpaka, hadi Durban. Kontena lilikaa pamoja na mengine kwenye ardhi ya umma, kati ya ua wa reli na uwanja wa majani ambao haukuwa na kazi. Mimi nilinyoa upande huu, mdogo wangu wa kike akasuka nywele upande ule. Humo kilitoka chakula, chumba chetu cha mtaa wa Albert Park, na shule ya yule wa mwisho. Nilijua jambo moja bila kuambiwa na mtu: kontena likiondoka, mtoto naye ataacha shule kama nilivyoacha mimi.

Kombe la Dunia lilikuwa limekwisha tuliposikia kwamba kituo kidogo cha treni kitabomolewa, ijengwe stesheni kubwa. Walisema ardhi yote ya umma inayoizunguka itapangwa upya: nyumba za ghorofa, kituo cha teksi, kliniki, soko. Watu wenye vizibao vya rangi ya machungwa walianza kupita na vyombo vya kupimia. Ukiwauliza makontena yatakwenda wapi, walijibu kwamba wenye ramani watakuja.

Jumatatu moja tulifika asubuhi tukakuta kila kontena lina alama ya X, nyekundu, kubwa kama mlango. Walikuwa wameziweka Jumapili, wakati sisi tuko kanisani.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tulikuwa watu wa Uvira, Bukavu, Bujumbura, na mmoja wa Dar es Salaam, na kote tulikotoka X nyekundu ukutani ina maana moja tu: nyumba hii itavunjwa.

Jirani yangu wa karibu alikuwa mama wa Bujumbura aliyeuza ndagaa na unga wa muhogo. Alikuwa ameshachovya kitambaa kwenye petroli kabla sijafungua kufuli.

"Futa, mwanangu," akaniambia. "Dereva wa tingatinga hasomi ramani. Anafuata rangi. Hakuna rangi, hakuna kazi."

"Mama, wenye ramani watajua tu."

"Watajua nini? Kwetu barabara ilipopanuliwa, aliyefuta alibaki na nyumba yake. Asiyefuta alibaki na ufunguo."

Mstari mzima ukafuta. Harufu ya petroli ilikuwa kali hata abiria wakaziba pua. Mimi sikufuta. Si kwamba nilijua zaidi ya wenzangu. Nyumba yetu ya Uvira iliwahi kuwekwa X, baba akaipaka chokaa, na tingatinga likaja vilevile. Kwa kuwa tulidhani tumepona, hatukuwa tumetoa hata sufuria. Tangu hapo niliona afadhali alama ibaki machoni pangu, nijue ninachongoja.

Mdogo wangu wa kike alikumbuka sufuria zile kama mimi. Alifungua kioo changu kikubwa kutoka ukutani, akakizungushia blanketi, akakipeleka nyumbani kwa treni.

"Utanyoaje bila kioo, yaya?" aliniuliza aliporudi. Kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa, na yeye hulitumia neno hilo zaidi anapotaka kunicheka.

"Kwa mikono."

"Wewe una mikono. Wateja wana macho."

Kweli, ilikuwa taabu. Kila mtu alitaka kujua ametokaje, na kila mtu ilimbidi aniamini mimi. Mlinzi wa kituo cha treni, Mzulu mmoja mpenda kujipamba, alikuwa akitoka nje ya kontena kila baada ya muda kujitazama kwenye kioo cha gari la mtu, kisha anarudi kulalamika.

Siku ya pili akaja mwanamke mwenye ramani iliyokunjwa chini ya kwapa. Alikuwa wa ofisi ya mipango ya mji. Aliifungua juu ya meza ya ndagaa, akatazama mstari wetu, akatazama ramani, akatazama mstari tena. Akamuuliza mama wa Bujumbura kwa Kizulu zile alama ziko wapi.

"Alama gani?" alijibu mama, akijifuta mikono kwenye kitenge. "Hapa hakuna alama."

Kontena la pili wakasema hivyohivyo. La tatu pia. Yule wa Dar alisema labda ni mvua.

Alipofika kwangu, X yangu ilikuwa inang'aa peke yake kama kidonda. Hakupata nafasi ya kufungua mdomo. Mlinzi aligeuka kwenye kiti na shuka shingoni.

"Dada, wewe una macho. Niangalie kisogoni, nimetokaje?"

Akamwangalia kwa makini. "Kushoto pamebaki kidogo."

"Unaona!" mlinzi akaniambia.

Nikamaliza kushoto. Yule mwanamke akangoja, kisha akaniita kaka kwa Kizulu, akauliza, "Bhuti, kwa nini ni wewe tu? Mstari huu una wafanyabiashara wengi. Nikirudi ofisini na alama moja, soko litachorwa la mtu mmoja."

Nyuma yake mama wa Bujumbura alikuwa anatikisa kichwa, akinikataza nisiseme neno. Mdogo wangu alisimama na kitana mkononi. Lakini nilikuwa nimechoka kungoja tingatinga nisilolijua siku yake.

"X ni ya kuvunja?" nikauliza.

"Kuvunja nini?"

"Kontena."

Alinitazama, akatazama kuta zenye mabaka ya petroli, akaelewa. "Eish, bhuti. X ni mtu. Kila X ni mtu aliyekuwa hapa kabla ya stesheni. Ardhi hii ikigawanywa, wenye X wanapewa nafasi sokoni, pale chini ya ngazi. Leo nimekuja kulinganisha na ramani tu. Kesho tunachora."

Niliwageukia wenzangu nikatafsiri kwa Kiswahili chetu, kwa sauti, neno kwa neno. Kisha mama wa Bujumbura akashika kichwa.

"Mungu wangu! Nimejifuta mwenyewe!"

Mwanamke wa ramani alisema anaweza kungoja kidogo, ila lazima azione alama ukutani kwa macho yake. Rangi walikuwa nayo wapimaji, na wapimaji siku ile walikuwa mbali, Pinetown. Ndipo mdogo wangu akaingia ndani, akatoka na sanduku lake la rangi za kucha. Zote nyekundu alizokuwa nazo aligawa. Watu wazima wakachuchumaa mbele ya makontena yao, wakichora X kwa viburashi vya kucha, kila mmoja akimhimiza mwenzake anyooshe mstari.

Mama wa Bujumbura alichora mbili.

"Mama, wewe ni mtu mmoja," mwanamke wa ramani alimwambia, akicheka.

"Nina biashara mbili. Iko ya unga, iko ya ndagaa."

Nilimtafsiria yule mwanamke, naye akatikisa kichwa. Mama akafuta moja, kwa huzuni, na petroli ileile. Mwanamke akapita kontena kwa kontena, akatia alama ya vema kwenye ramani yake, kila mahali palipostahili. Alipoondoka nilikaa kwenye kiti cha wateja.

"Sasa nani atakunyoa, yaya?" mdogo wangu akauliza.

Kesho yake asubuhi tulirudisha kioo kwa treni. Mimi nilishika upande mmoja, mdogo wetu wa mwisho, amevaa sare za shule, akashika wa pili. Blanketi liliteleza tukiwa njiani, na abiria hawakutuacha tulifunike tena. Mmoja alirekebisha tai, mwingine akapaka mdomo rangi, mzee mmoja akakagua meno yake yaliyobaki.

Tuliposhuka, tulikisimamisha chini kidogo ili tupumzike. Ndani yake niliona mstari mzima wa makontena, na zile X zikimetameta kama kucha za bibi harusi.

"Yaya, nitachelewa shule," mtoto akasema.

"Basi kimbia," nikamwambia, nikabeba kioo peke yangu.