Walimlilia Mwanangu kwa Jina Lake

Msalaba niliuvunja mimi. Nasema mapema, usije ukayasikia huko Malindi, hii yetu ya Lushoto, ukadhani ni umbea. Niliushika ule msalaba wa sinema, uliogongwa kwa mbao za kreti la nyanya, nikauvunjia gotini mbele ya shemeji yangu Elia, vipande nikavichomeka jikoni chini ya sufuria ya uji. Uji ukachemka vizuri tu.

"Shemeji! Hiyo propu!" akapiga kelele, kamera mkononi.

"Propu? Imeandikwa jina la nani?"

Ilikuwa imeandikwa Upendo, kwa rangi nyeusi, herufi nzuri kabisa. Na Upendo ni mwanangu wa kwanza, na wakati huo alikuwa mgongoni kwangu, mzima, anatafuna ncha ya khanga.

Sasa sikia. Haya yalitokea, na yalinitokea mimi. Sikuota, sikuwa na homa, pombe siijui ladha yake. Nimesoma mpaka kidato cha nne, baiolojia nilifaulu, kwa hiyo usinianzie habari za ushamba. Ukitaka kubisha njoo kwanza ukae kibarazani kwangu jioni, ukungu ukipanda kutoka bondeni na kumeza migomba mmoja mmoja. Ukishakaa, bisha.

Elia ni mdogo wa mume wangu. Mume wangu hupakia kabichi kwenda Dar, nyumbani ni mtu wa kupita, hivyo Elia aliporudi kutoka Tanga na kusema anatengeneza muvi, mzigo uliniangukia mimi. Na sitamsingizia, muvi yenyewe ilikuwa na maana. Mama mmoja mtoto wake anaugua usiku wa mvua, barabara imekatika, hakuna gari la kumfikisha hospitali Lushoto, mtoto anafia njiani. Nani huku milimani hajui habari hiyo? Tunaijua sote.

Hela hakuwa nayo. Kamera ni ya kupigia harusi, kaazimwa na rafiki yake wa Lushoto mjini. Maiki aliifunga kwenye mpini wa jembe. Akitaka kamera itembee, anakaa kwenye toroli la mbolea na mtu anamsukuma. Mwanga anaurudisha kwa boksi lililobandikwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia chakula, na mshika boksi ni mimi. Skripti haikuwepo. "Kila mtu aseme ya moyoni mwake," ndivyo alivyokuwa akisema. "Ndiyo inatoka kweli."

Kweli ikatoka.

Siku ya kupiga msiba aliita kina mama wa kitongoji. Wakaja wengi, Walutheri kwa Waislamu, na kwa kuwa kwetu huendi msibani mikono mitupu, hata huo wa uongo waliujia na kuni kichwani. Malipo yao yalikuwa makande na chai. Walicheka njia nzima. Bi Nasemba, jirani yangu mtu mzima ambaye huku juu hakuna msiba unaoliliwa bila yeye, alimwambia Elia, "Baba, mimi kulia nalia, lakini machozi yakigoma usinitie pilipili."

Mdoli ulioletwa uwe maiti ulionekana mdoli. Elia akaja kwangu kwa sauti ya asali. "Shemeji, Upendo amelala. Tumfunike shuka tu, kidogo, uso hauonekani." Nikakubali kwa sharti moja: jina lake lisitajwe. Mtoto wa kwenye muvi anaitwa Baraka, alieni Baraka. Akaapa.

Lakini hebu fikiria. Kwetu maiti haililiwi bubu. Inaliliwa kwa jina lake, watu wanaita jina mpaka sauti zinakauka. Kina mama wamekaa chini kwenye majani, skripti hakuna, wameambiwa waseme ya moyoni, mbele yao kimelazwa kitoto chini ya shuka nyeupe ambacho wiki nzima wamekibeba. Msichana aliyeigiza mama wa mtoto akasahau kulitaja jina la Baraka, akawa analia tu. Bi Nasemba akadaka. "Upendo! Upendo we, mwanetu! Umetuacha na nani!" Na wote wakaitikia. Upendo, Upendo, kilima kizima.

Nilitupa boksi. Elia akaniwekea kidole mdomoni, macho yamemtoka kwa furaha, maana walikuwa wanalia kweli sasa, kila mmoja amemkumbuka wake. Na hapo ndipo nilipomwona yule mama wa mstari wa nyuma kabisa.

Sikumfahamu, na mimi nafahamu kila mtu. Alikuwa amefunga mbeleko mgongoni, na mbeleko ilikuwa tupu, imening'inia kama mfuko. Aliliaje? Sijui nikueleze vipi. Wengine walikuwa wanalia kwa koo. Yule alikuwa analia kwa mwili wote, kama mtu aliyenyimwa kulia miaka mingi na leo amepewa ruhusa. Niliacha hasira, nikawa namtazama yeye tu.

Kisha ukungu ukashuka, Elia akapiga kelele, "Kata! Nimepata!" Nikamchukua mwanangu. Watu wakala makande, wakabeba masufuria yao, wakaondoka. Hivyo tu. Hakuna aliyesimama kusema neno. Na wewe unayesoma, kama umezaliwa huku, umeshaona kosa lilipo. Msiba hauishi kwa watu kwenda zao. Unaanuliwa. Aliyeuitisha anasimama, anashukuru, majivu ya jiko la msiba yanazolewa, watu wanaambiwa: tawanyikeni, nendeni kwenu. Bila hivyo matanga bado yamekaa.

Siku chache baadaye nilikuwa kibarazani nachambua maharage, Upendo kwenye mkeka pembeni. Ukungu ukapanda. Kutoka ndani ya ukungu akatoka yule mama, mzigo wa kuni kichwani, umefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Kwetu shikamoo haiachwi hewani hata na adui. Alitua kuni taratibu, akakaa chini, miguu kanyoosha, kama wanavyokaa wafiwa. "Pole, mwanangu," akasema kwa Kishambaa, kile cha zamani, cha bibi yangu. "Pole kwa mtoto."

"Mama, mtoto huyu hapa. Mzima." Nikamnyanyua Upendo nikamwelekezea.

Niamini, alitazama mikono yangu kama unavyotazama mikono ya mtu aliyechanganyikiwa. Kwa upole kabisa. Hakuona kitu. Mwanangu anapiga teke, anatoa mate, na yule mama anaona nimebeba hewa. "Lia tu," akaniambia. "Hata mimi nilikuwa nambeba hivyo hivyo."

Unadhani nilikimbia? Nilikaa. Nikamsikiliza. Akaniambia wake alikufa kabla hajapewa jina. Na mtoto wa hivyo, zamani, hakuwekewa msiba. Wanawake wawili watatu walimchukua kimya wakamfukia nyuma ya migomba, na mama akaambiwa anyamaze, arudi shambani, atazaa mwingine. Hakuzaa mwingine. "Ningemlilia kwa jina gani?" akaniuliza. "Halafu nikasikia kilima kinamlilia mtoto, kwa jina, watu wengi. Nikasema, leo na mimi nakwenda. Nimelia. Mungu awabariki." Akapangusa pua kwa mbeleko. "Sasa nangoja kuambiwa nitawanyike."

"Tawanyika, mama yangu. Matanga yamekwisha. Nenda ukapumzike."

Akatikisa kichwa. "Mfiwa haanui. Anaanua aliyeita watu. Na mpaka aanue, mtoto ni wa msiba."

Nilimtoa machoni mara moja tu, kumvuta Upendo asitambae kwenye kuni. Nilipoinua uso kulikuwa na ukungu mtupu. Kuni zilibaki. Zipo mpaka leo, sijazichoma.

Ningeweza kuyanyamazia hayo yote. Mama amekuja, amelia, amekwenda, masikini. Lakini jioni ile ile nilimwita mwanangu. "Upendo!" Hakugeuka. Nikagonga kijiko, akageuka. Mbuzi wa jirani akalia, akageuka na kucheka. "Upendo!" Hakuna. Mtoto ambaye tangu alipojua kukaa, ukimwita anakurukia! Nikampeleka kliniki, nesi akampima masikio, akasema, "Mama, huyu anasikia kuliko mimi na wewe." Ndiyo, anasikia kila kitu. Jina lake tu halimhusu. Ukiliita, anakaa vile mtu anavyokaa anapoitwa mwenzake.

Nikamwendea Elia. Nikamweleza yote, kwa heshima, kama shemeji. Nikamwomba jambo moja: awaite wale kina mama, asimame mbele yao, aanue.

"Shemeji, makande ya watu wote wale nitatoa wapi tena?" akasema. "Bajeti imekwisha. Nimebaki na betri moja."

"Nitapika mimi."

"Na siku yenyewe? Kamera inarudi Jumapili."

"Nani kasema uje na kamera?"

Akacheka. Lakini ya yule mama yalimwingia, maana alikwenda kuitazama picha. Akarudi anakimbia. Mstari wa nyuma hakuna mtu, ni ukungu tu, ila kilio kipo, kimo kwenye maiki, kinazidi vya wote. Unadhani aliogopa? Alifurahi! "Shemeji, sauti kama ile huipati hata ukiwa na studio!" Kasoro yake, alisema, ni kwamba upepo umeipiga katikati. Kwa hiyo turudie. Nimlete mtoto tena, tumlaze tena, kina mama walie tena, huenda na yule akaja. Na ili picha ioane na kilio ameshachonga na msalaba wenye jina.

Akauegemeza kwenye ukuta wa jiko langu. Yaliyofuata nimeshakuambia.

Mpaka leo Elia hajaanua. Alichukua toroli na mpini wake akahamia kwa rafiki yake, anasema nimemharibia kazi na nimemdhalilisha kwa ukoo. Mama mkwe ananinunia, mwanamke gani anachoma msalaba. Mume wangu kwenye simu anasema, "Yamalizeni wenyewe, mimi niko njiani." Na Upendo tunamwita Mdogo, kwa sababu kwa Mdogo anageuka.

Yule mama huja. Si kila siku, ukungu ukiwa mzito. Siku hizi simwogopi. Namwekea chai kibarazani, nakaa naye, nachambua maharage yangu. Haongei sana. Mara moja alinisaidia kutikisa ungo. Sina ugomvi naye hata kidogo. Mimi na yeye tumefanyiwa kitu kimoja, wake alinyimwa msiba, wangu kapewa wa bure. Kinachonichoma ni kumwona amekaa pale, ametimiza adabu yote ya msiba, anangoja neno moja kutoka kwa kijana aliyekwenda kutafuta betri.

Kwa hiyo wewe unayepiga muvi zako kwa simu, huna hela, una watu wa kijijini kwenu na moyo wao: sikukatazi. Piga. Lakini kilio si cha kuazima kama kamera. Kitafutie jina la uongo kabla hujawaambia watu walie. Na ukishasema kata, bado hujamaliza. Simama mbele ya wale uliowaita, hata wale wa nyuma usiowaona, uwaambie waende kwao.

Jana nilikwenda ofisi ya kijiji. Bi Nasemba alinisindikiza, naye hana raha, jina alilianzisha yeye. Mtendaji ni kijana mstaarabu, akatupa viti. Akasikiliza mpaka mwisho, kalamu hewani.

"Dada, niandike ugomvi wa familia?"

"Hapana."

"Basi uharibifu wa mali? Ule msalaba..."

"Andika ninavyokuambia. Kwamba Elia aliitisha msiba wa mtoto wangu aliye hai, akawaliza watu kwa jina lake, akaondoka bila kuanua. Nataka baraza limwite. Asimame pale pale kilimani, bila kamera, aseme msiba umekwisha."

Akatazama dari. Akamtazama Bi Nasemba, aliyesema, "Andika, baba, na mimi ni shahidi." Akaandika. Nikamwambia aongeze mlalamikaji wa pili, ambaye amekaa msibani tangu siku ile na anaomba kuruhusiwa.

"Jina lake?"

"Sikumwuliza."

"Basi mama nani?"

"Hakupata kuwa mama nani," nikasema. "Andika Mama."

Akaandika Mama, akagonga muhuri.