Nilikosoa Blogu ya Baba Mkubwa kwa Kujificha

Admin, nakuomba jina langu libaki kwako, na jina la blogu nitakayoisema pia. Mimi ni binti wa miaka kumi na nane, naishi Mikumi na mama yangu. Nimemaliza kidato cha nne na sasa nasoma kozi fupi ya kompyuta. Ni mtu wa aibu sana. Darasani nilikuwa najua jibu lakini mkono haunyanyuki. Sisemi haya ili mnionee huruma, nataka tu mjue kwa nini jambo hili nililifanya kwa kujificha.

Kaka wa marehemu baba yangu anaishi Kilosa na mke wake. Alifanya kazi reli mpaka akastaafu, ndipo akaanzisha blogu. Anaandika mambo aliyoyaona: mvua zilizosomba tuta, abiria aliyesahau mbuzi, mama aliyejifungua ndani ya behewa. Anaandika vizuri mno. Lakini muonekano wa blogu yenyewe, jamani! Nyuma nyeusi tii, herufi za njano, kubwa mpaka mstari mmoja unaingia maneno manne. Picha zote amezirundika chini kabisa. Hakuna orodha ya habari za zamani, unashuka tu mpaka kidole kichoke.

Kwenye kozi mwalimu alitufundisha kupanga ukurasa: rangi zisizogombana, nafasi ya kutosha, herufi za kiasi. Akatuambia kila mmoja atafute blogu aichambue. Nikachagua ya baba mkubwa. Kwetu mtoto hamwambii mkubwa kwamba kazi yako ni mbaya. Lakini ningeweza kumuuliza kwa adabu, "Baba mkubwa, kwa nini umeweka rangi hizi?" Swali hilo moja lingetosha. Badala yake nilifungua sehemu ya maoni, nikajiita Msomaji wa Moro, nikaandika: "Rangi zinaumiza macho. Herufi kama za daftari la chekechea. Blogu nzima inafanana na tangazo la mganga lililopigiliwa kwenye nguzo ya umeme." Nilivyotuma nilicheka peke yangu. Kwa mara ya kwanza nilijiona na mimi nina sauti.

Siku mbili baadaye akanipigia.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Hivi huko kwenye kompyuta mnafundishwa na mambo ya blogu? Kuna bwana mmoja kanichana huku, anasema nafanana na mganga." Akacheka, kicheko kifupi. "Njoo unitengenezee, nisije nikachekwa na uzee huu."

Nikaenda. Nikafuata maoni yangu mwenyewe moja baada ya jingine: nyuma nyeupe, herufi ndogo za kijivu, picha katikati ya maandishi, orodha pembeni. Baba mkubwa akamgeukia mke wake. "Mama, hizi utaziona?"

Mama mkubwa akasogeza simu karibu na uso. "Naziona. Sasa hii miwani mipya uliyoninunulia ni ya nini?"

Baba mkubwa alifurahi kama mtoto. Jirani alipopita akamwita, "Njoo uone fundi wangu!" Wakanichinjia kuku, nikala.

Wiki mbili baadaye nilirudi kuwasalimia. Mama mkubwa alikuwa barazani ameshika simu, anatikisa kichwa na kutabasamu. "Hapa baba yako mkubwa kanifurahisha," akaniambia. Nikakaa pembeni yake nikatazama kioo. Mtandao ulikuwa umekatika. Ukurasa ulikuwa mweupe, hauna hata neno moja.

"Mama mkubwa, mbona haijafunguka?"

Akaishusha simu mapajani. "Usimwambie," akasema.

Ndipo akanieleza. Macho yake yanakwenda yakififia, na hospitali walimwambia yaliyopotea hayarudi. Alizunguka na mumewe stesheni baada ya stesheni maisha yao yote, na blogu ile aliandikiwa yeye. Walikaa mchana mzima wakijaribu rangi, yeye akisema "bado, bado", mpaka ilipokuja nyeusi na njano akasema "hapo". Picha ziliwekwa chini kwa sababu zikikaa katikati zilimpotezea mstari.

"Sasa kwa nini ulisema unaona?" nikamuuliza.

"Ameshaona aibu mbele za watu kwa ajili yangu. Sitaki aone tena." Kisha akanishika mkono. "Na yule msomaji hana kosa, mwanangu. Ana macho mazuri tu. Mungu amtunzie."

Nilienda nyuma ya nyumba kujifanya nanawa uso.

Kurudisha rangi zile ni kazi ya dakika kumi. Nilimgusia baba mkubwa kwamba ile ya zamani nayo ilikuwa na uzuri wake. Akasema, "Ile ya mganga? Hapana, yule bwana alisema kweli. Nikimjua nitamshukuru."

Tangu hapo, kila anapoweka habari mpya nikaona inapendwa na watu, mimi namwona mama mkubwa akitikisa kichwa mbele ya ukungu. Nimeshaandika maoni mengine kwa jina lile lile la Msomaji wa Moro, kwamba nimekosea, ile ya kwanza ilikuwa bora. Sijayatuma. Yatarudisha herufi na mimi nitabaki salama, lakini nitakuwa nimemdanganya mara ya pili. Nikisema ukweli, nitakuwa nimetoa siri ya mama mkubwa, na baba mkubwa atajua kwamba fundi aliyemchinjia kuku ndiye aliyemwita mganga.

Jumamosi naenda Kilosa. Hakuna aliyesema macho yale yatadumu mpaka lini, kwa hiyo sina muda wa kuendelea kuona aibu. Ninyi dada zangu, kaka zangu na wazazi mnaosoma hapa, nisaidieni: nitume yale maoni, au nikae mbele yake nimwambie ni mimi? Na kama ni kusema, basi nifundisheni, baada ya shikamoo naanza na neno gani?