Gari la Mwongeli Halina Paa

Mwongeli mke wa Musyimi amefundisha udereva mjini Wote zaidi ya miaka ishirini, na muda huo wote amekaa upande wa abiria. Mguu wake uko juu ya breki ya pili, mdomo wake unasema, "Taratibu. Nimesema taratibu." Madereva wengi wa Wote walijifunza kuachilia klachi wakiwa kando yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kupita mwendo wa mwanafunzi.

Mwaka aliotimiza hamsini alikwenda Emali kwa mfanyabiashara mmoja aitwaye Njogu, kutafuta tangi la maji. Nyuma ya stoo ya Njogu akaona gari dogo jekundu la Kijapani, viti viwili, paa la turubai lililokwisha kuliwa na panya. Tangi hakununua. Alirudi Wote na lile gari, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, na watu waliokuwa sokoni wakasimama kumtazama.

Maneno hayakukawia. Akina mama wa kanisani walisema si sura nzuri, kiongozi wao kupita barabarani kama amekaa kwenye karai. Mchungaji akaja kunywa chai, na chai ilipoisha akakohoa.

"Mama Kaveke, hii gari yako haina heshima."

"Mchungaji, ina taa, ina breki na ina bima," Mwongeli akajibu. "Heshima ni ya dereva. Nikuongeze chai?"

Mwezi uliofuata alisikia kwamba chama cha madereva wa mbio kimechonga mzunguko wa maramu, ule udongo mwekundu wa barabarani, kwenye shamba kavu nje ya mji wa Kwa Vonza, na yeyote mwenye leseni anaweza kushindana. Aliamka mapema akaenda. Vijana waliokuwa wakibadilisha magurudumu walimwona akiingia, mmoja akapaza sauti: "Mama, harusi iko upande ule!" Wenzake wakacheka. Mwongeli akaegesha katikati yao.

Mkaguzi wa magari alikuwa Githaiga, mzee kidogo, mwembamba, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Hakucheka. Alilizunguka gari, akaweka mkono juu ya mlango, akatikisa kichwa.

"Siwezi kukuruhusu, mama."

"Kwa sababu mimi ni mama?"

"Kwa sababu gari haina paa. Gari yenye paa ikipinduka, paa inabeba uzito. Hii ikipinduka, uzito utabebwa na shingo yako." Akasukuma kona ya gari, mlango ukalia. "Na umesikia? Paa ndiyo inashika bodi. Isipokuwapo, bodi inajikunja kwenye kona, na gari haifuati usukani vizuri. Hii ni gari ya kutembelea."

Mwongeli alijua mtu huyu anasema kweli, na ukweli wenyewe ndio uliomchoma. Angeweza kugeuza gari aende zake. Badala yake akavua miwani ya jua.

"Sawa. Niambie inataka nini."

Githaiga akamtazama kidogo, kisha akaeleza. Nyuma ya kiti kuwe na upinde wa bomba nene la chuma, uliozidi kichwa cha dereva akiwa amevaa helmeti, ushikishwe kwenye bodi kwa chini na kuegemezwa na mabomba mengine kwa nyuma. Kuwe na mikanda ya kupita mabega yote mawili. Na kuwe na kamba fupi za kufunga mikono, ili isitoke nje gari likipinduka.

"Mikono pia? Kama mbuzi?"

"Kama mbuzi," Githaiga akasema. "Bila hiyo usirudi."

Kiilu, fundi wa kuchomelea vyuma pale Wote, alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Aliposikia maelezo alikuna kidevu.

"Mwalimu, si nikuwekee tu paa ya mabati? Tumalize haya maneno."

"Nikitaka paa nitakaa nyumbani, Kiilu. Chomelea upinde."

Nyumbani, Musyimi alikataa hata kuutazama ule upinde. Ni mtu mpole, hapandishi sauti, na usiku ule pia hakuipandisha. "Mama Kaveke, wewe ni nyanya wa watu, una wajukuu."

"Hata nyanya ana mguu wa kulia, Baba Kaveke."

Siku ya mashindano Githaiga alilaza ufito kutoka juu ya kioo cha mbele hadi juu ya upinde. Helmeti ya Mwongeli ikabaki chini ya ufito. Githaiga akavuta mikanda, akazivuta kamba za mikono yeye mwenyewe, akapiga bodi kofi. "Nenda."

Akaenda. Vumbi lilimwingia kila mahali, mawe madogo yaligonga helmeti, na upepo ulimpiga kifuani. Hapakuwa na mtu kando yake wa kuambiwa taratibu. Alikanyaga mafuta, akajisikia akipiga kelele za furaha peke yake ndani ya ile helmeti. Kwenye mzunguko wa tatu aliingia kona ya mwisho kwa kasi zaidi kuliko gari lilivyoweza. Bodi ikajikunja kama alivyoonywa, gurudumu la nyuma likapanda tuta la udongo, na gari jekundu likageuka miguu juu.

Anakumbuka kwamba mkono wake wa kulia ulitaka kutoka nje kuzuia ardhi. Kamba ikaukatalia. Kisha kukawa kimya, naye ananing'inia kwenye mikanda, udongo uko karibu na helmeti lakini haujaigusa, kwa sababu upinde wa Kiilu ulikuwa umesimama wima chini ya gari. Watu wakaja mbio wakaliinua. Githaiga ndiye aliyemfungua.

"Mkono ulitaka kutoka?"

"Ulitaka," Mwongeli akasema. "Kamba yako ndiyo iliyokataa. Asante."

Mfupa wa bega ulikuwa umepata ufa. Kwa wiki kadhaa alifundisha mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, na mwanafunzi akifunga breki ghafla moyo wake uliruka. Akina mama wa kanisa walikuja kumshukuru Mungu sebuleni kwake. Baada ya sala mmoja wao akamshika goti. "Mwenzetu, Mungu amesema nawe."

"Amesema," Mwongeli akajibu. "Ameniacha hai. Nyinyi mmesikia nini?"

Bega lilipopona alilipeleka gari kwa Kiilu likanyooshwa, na sakafu ikaongezewa vyuma ili bodi isijikunje sana. Kisha akarudi Kwa Vonza. Safari hii Musyimi alikuwa pamoja naye, amekaa wima kama mtu anayepelekwa mahakamani, kofia ameishika kwa mikono miwili.

Githaiga alikagua kila kitu tena, kisha akamvuta Mwongeli kando. "Nikuambie ukweli. Gari yenye paa ingekufaa zaidi. Ni ngumu, ni nyepesi kuliko hivi vyuma vyote, na ungeshinda mapema."

"Sikukuuliza ipi inashinda, Githaiga. Nilikuuliza inataka nini, na nimeyafanya yote."

Akamaliza mizunguko yote. Kwenye kona iliyompindua alipunguza mwendo kidogo tu, akaipita, na vijana waliokuwa pale ukingoni wakapiga mbinja. Waliomaliza nyuma yake walikuwa wachache, na wote walikuwa na paa.

Alipotoka uwanjani uso wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi la maramu. Musyimi alimpa maji, akamtazama akinywa.

"Umeogopa?" akamwuliza.

"Sana."

"Basi twende nyumbani."

"Bado kuna raundi ya jioni," Mwongeli akasema, akamrudishia chupa, akaanza kuvaa helmeti.