Siku Komeo Alipokimbia Geti

Jamani, ukinikuta sokoni Chanika ukaniita "Mheshimiwa", ujue umenitukana, na nikikukata jicho usishangae, maana tangu siku ile ya kura za maoni kila mwenye mdomo ananiita hivyo kisha anageuka pembeni anacheka. Wengine wanamalizia kabisa: "Mheshimiwa Ukuta." Aibu ninayo, siikatai, ila nimechoka kuisikia habari yangu kwa watu wanaoongeza chumvi (kuna mmoja anasema nilibaki uchi, muongo mkubwa yule, nilikuwa na bukta), kwa hiyo leo nasimulia mwenyewe.

Kwa asiyenijua, mie nilikuwaga beki wa kulia, jina la uwanjani Komeo, kwa sababu nikishafunga upande wangu hapiti mtu. Goti likaja kunisaliti, nikastaafu, nikajenga huku nje ya mji, na mchezaji mstaafu kwetu kazi zake ni mbili tu: kukaa kijiweni kusimulia mechi za zamani mpaka muuza kahawa anakusahihisha dakika ya goli, au kugombea. Nikagombea udiwani.

Ishu za barabara na zahanati nilikuwa nazo, msinione hivi, lakini kilichonikaa rohoni hasa ni mke wangu, Mama Nasra. Nilimuoa nikiwa jina kubwa, akabaki na mie nikiwa goti bovu, na hajawahi kunisimanga hata siku moja. Nilitaka siku moja apite njiani watu waseme yule pale mke wa diwani. Yeye mwenyewe ni mjumbe wa chama, ana kura (mie sina), na alishaniambia mapema kabisa: "Baba Nasra, kura yangu unayo. Ila usinitie aibu mbele ya wenzangu. Ukinitia aibu, nampa Mwalimu."

Mwalimu huyo ni Mwalimu Mbwilo, mstaafu, mpinzani wangu, naye pia mjumbe. Nusu ya kata aliifundisha kusoma, na nusu iliyobaki aliichapa. Wa tatu alikuwa jamaa mmoja mfyatua matofali ambaye hana shida na mtu.

Asubuhi ya uchaguzi Mama Nasra akaninyooshea shati, akaniwekea suti yangu ya harusi (ilikuwa inabana kidogo, tuseme ukweli, ilikuwa inabana sana), akawahi kutoka. Mlangoni akageuka: "Saa nne kamili uwe pale shuleni kwenye kura. Na upitie geti kubwa, umenisikia? Geti kubwa." Nikasema nimesikia. Alipotoka tu nikavaa bukta yangu ya bahati chini ya suruali, ile ya timu, namba mbili nyuma, nikajiona nimekamilika.

Sasa ilipofika saa tatu simu ikaita. Alikuwa Mzee Kondo, ambaye enzi zetu alikuwa kwenye kamati ya ufundi ya timu. Mshabiki wa kwetu haambiwi maana yake, lakini kwa mgeni niseme tu kamati ile haikuwa na habari na mazoezi wala mipira ya kona. Kazi yake ilikuwa kutukinga na ndumba za wapinzani, kutuambia tuingie uwanjani kwa mlango upi, na mara nyingi mlango wenyewe ulikuwa ukuta. Tumeruka kuta sana sie, basi la timu linaachwa nje, kocha mzungu analia, tunaruka.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Sikiliza, Komeo. Nimepita pale shuleni asubuhi hii, nimeona kwa macho yangu, wanawake wanne wananong'ona getini, wanatandaza vitu chini. Geti limeshafanyiwa kazi lile. Usikanyage."

"Sasa nipite wapi, Mzee? Mke wangu kasema…"

"Mke wako alicheza ligi? Pita ukuta wa nyuma. Mlangoni ingia kinyumenyume. Na mkono usimpe mtu mpaka ukae kitini. Mambo matatu tu."

Ningekuwa na akili ningempigia mke wangu nimuulize getini kuna nini. Sikumpigia. Nilifanya uamuzi mdogo tu, wa kuzunguka nyuma, nikijiambia kwani kuna hasara gani, ukuta wenyewe mfupi.

Ukuta haukuwa mfupi. Mie ndiye niliyekuwa na kumbukumbu ndefu. Nikapanda kwa tabu, goti linalia, tumbo limelala juu ya tofali, nikaanza kushuka upande wa pili kwa makalio, nikasikia suruali inakwama kwenye seng'enge, halafu ule mlio, mnaujua, mlio wa kitambaa kinachokuaga. Mguu ukatafuta ardhi, ukapata karai. Lilikuwa karai la kachumbari ya wajumbe, na pembeni akina mama watatu wamekaa kwenye vigoda wanapuliza moto wa pilau, wananiangalia mwanaume wa suti nimesimama ndani ya nyanya na vitunguu.

Mmoja akapata sauti kwanza: "Mwiziii!"

Hapo mtu mzima angesimama akajieleza. Mie nikakimbia. Sijui kwa nini, naapa, miguu iliamua yenyewe, mgambo wawili nyuma yangu, tukauzunguka uwanja wa shule, na nakiri kuna sehemu nilianza kuona raha, maana goti lilikuwa halijakunjuka vile miaka mingi, na nilipomkwepa mgambo wa kwanza kwa kujifanya naenda kushoto, kuna mtu alipiga makofi. Kelele zikawavuta watu wote wa nje, hata wale wa getini. Kwa jicho la pembeni nikamuona Mama Nasra, kashika mdomo.

Nikafika mlango wa ukumbi. Na sasa, badala ya kuachia hapo hapo, nikakumbuka masharti: kinyumenyume. Nikageuka.

Ndugu zangu, fikirini. Suruali imechanika nyuma kutoka mkandani mpaka karibu na goti, ukumbi umejaa, na mie natanguliza kile hasa ambacho mtu mwenye busara angekificha. Wajumbe kabla hawajaona sura ya mgombea wao waliona bukta ya kijani, namba mbili. Halafu mzee mmoja akasema polepole, "Huyu si Komeo?" Ukumbi ukapasuka.

Katibu, mtu mstaarabu, akanifuata na mkono: "Karibu, ndugu mgombea." Mkono sikutoa, kwanza masharti, pili yote miwili ilikuwa nyuma inashikilia suruali. Bibi mmoja wa mstari wa mbele naye akanyoosha wake, mkono umekonda unatetemeka. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, mkono baadaye." Akaurudisha kwenye mapaja akamtazama jirani yake, "Ha! Hajapata udiwani, keshaanza kuringa?"

Tukapewa dakika tatu tatu za kuomba kura. Mwalimu akazungumza, mtu wa matofali akazungumza, zamu yangu nikasimama nimebana mgongo ukutani, nyanya imeganda kwenye kiatu. Nikajikaza nikatoa ile hotuba niliyoikariri wiki nzima: "Ndugu wajumbe, mie ni Komeo, nikikaa mlangoni hapiti mtu!"

Sauti ikatoka nyuma: "Kwani wewe mlango unaujua?"

Dakika zangu zilizobaki wakazimaliza wao kwa kucheka.

Kura zikahesabiwa. Katibu akasoma: Mwalimu Mbwilo nyingi sana, mtu wa matofali chache, kisha akakohoa. "Komeo, kura moja." Hata namba ya bukta sikuifikisha. Lakini mwenzenu moyo ukalainika. Moja! Nikajua ya nani. Pamoja na aibu yote ile, mwanamke yule hakunitupa. Nikatoka kumtafuta, nimejifunga koti kiunoni, machozi yananilengalenga.

Nikamkuta getini, kainama, yeye na wenzake watatu, wanakunja kanga. Kanga za kabatini, doti kwa doti, zimetandikwa chini kutoka getini mpaka karibu na mlango wa ukumbi, nyingine nazijua, nilimletea mwenyewe enzi nachezea.

"Ahsante, mke wangu," nikamwambia. "Ile kura moja sitaisahau."

Hakuinua uso. "Kura gani? Mie nimempa Mwalimu. Si nilikwambia?"

Akaendelea kukunja. "Tangu saa mbili tuko hapa. Tumetandika ili upite juu yake kama mtu wa heshima, tukupigie vigelegele, ukumbi mzima uone. Tukakungoja. Vigelegele vimetukauka kooni, tukasikia mwizi, tukakimbia kutazama mwizi. Kumbe mume wangu."

Wanawake wanne wanatandaza vitu chini. Mzee Kondo hakukosea hata kidogo, geti lilikuwa limefanyiwa kazi kweli, na aliyelifanyia kazi ni mke wangu. Niliumia, jamani. Goti haliumi vile.

Nikiwa nimesimama hapo Mwalimu Mbwilo akanipita, akanigusa bega. "Ile kura ni yangu," akasema taratibu. "Kujipigia mwenyewe niliona si adabu. Na miaka yote darasani, sijawahi kumpa yai la sifuri mtoto aliyefika kwenye mtihani nguo imechanika." Akaenda zake kupongezwa.

Kwa hiyo nimeapa. Ukuta siruki tena, hata mpira wa watoto ukiingia kwa jirani nazunguka, nabisha hodi, naingia kwa geti na nampa mkono kila nitakayemkuta, hata mtoto mchanga. Mzee Kondo akipiga simu nasalimia, naaga. Nyumbani nako nilikuwa na tabia ya kuingilia mlango wa uani, nimeiacha, napitia mbele. Mama Nasra alinisemesha baada ya siku tatu, lakini kucheka alikuwa hacheki.

Mpaka juzi. Narudi zangu, mvua imenyesha, nakuta barazani mbele ya mlango kanga imetandikwa vizuri, imenyooka. Moyo ukaruka. Nikasema nimesamehewa. Nikakohoa, nikanyoosha mabega, nikapita juu yake taratibu na ndala zangu na tope lake, nainua mkono kusalimia wananchi ambao hawapo.

"Weee!" Mama Nasra katoka ndani mbio. "Nimetoka kuifua hiyo! Kamba imekatika, nimeianika hapo, wewe unaipandia?"

Nikaitazama kanga, nyayo zangu zimejipanga juu yake kama nimezichora. Nikamtazama yeye. Akajaribu kununa, akashindwa, akakaa pale pale kizingitini akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akapiga kigelegele kimoja kirefu, majirani wakachungulia.

Nikaichukua kanga, nikaenda kuifua.